Haukuwa Udi wa Mama Zuhura

Kilwa Masoko, Jumamosi asubuhi. Mvua ya alfajiri ilikuwa ya rasharasha tu, na sasa jua linatoka kwa uvivu. Miguu imevimba kuliko jana.

Nimeficha jambo moja, na nimelificha vizuri. Nguo zangu za nyuzi za fedha hazikuharibiwa na udi wa mke wangu. Niliziharibu mimi, kwa klorini, kwa mkono wangu mwenyewe, mlango wa bafu nikiwa nimeufunga kwa komeo.

Wanaosoma ukurasa huu si wengi. Wengi wao ni wanafunzi wangu wa zamani, ambao huniandikia "shikamoo mwalimu" hata pale nilipoandika mambo ya paka wa jirani. Mwanangu Zuhura, aliyenifungulia ukurasa huu ili nisikae bure baada ya mama yake kufariki, huusoma kila anapotoka zamu hospitalini kule Maskati. Kwa hiyo na haya atayasoma. Nitamtaja kwa jina kama vile hayupo hapa, maana nikianza kuzungumza naye moja kwa moja sitamaliza.

Kwa simu nimejaribu. Nikifika penyewe namuuliza habari za joto la huko.

Daktari ameniambia moyo umechoka. Hakusema zaidi na mimi sikumuuliza. Nimefundisha sayansi maisha yangu yote, na najua maji yakishatoka kwenye vifundo yakapanda magotini yanaelekea wapi.

Jana ndiyo iliyonifikisha hapa. Bi Mwajuma, jirani yetu wa ukuta kwa ukuta, alikuja baada ya swala ya Ijumaa akiwa amembeba mjukuu wake Nasra. Mtoto ana pumu ya ngozi, ugonjwa wangu huohuo: ndani ya viwiko, nyuma ya magoti, shingoni. Anajikuna mpaka usingizini. Zuhura amemletea fulana mbili ndogo na suruali zake, za nyuzi za fedha, kama zile alizokuwa akiniletea mimi. Nikampigia simu ili atoe maelekezo mwenyewe, nikaiweka mezani ikiwa sauti wazi.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba mwanangu. Sauti imenona hiyo. Wanakulisha huko."

Zuhura akacheka, kisha akaingia kwenye sauti yake ya wodini. Maji ya kawaida, yasiwe ya moto. Sabuni laini isiyonukia. Zianikwe kivulini. Pasi isiziguse. "Na udi, bibi, nakuomba. Hata usizisogelee. Si unakumbuka marehemu mama alivyoziharibu za baba? Usije ukafanya kama mama."

Bi Mwajuma alinitazama. Mimi nikatazama simu.

"Nimesikia," alisema.

Simu ilipokatika alizikunja zile fulana juu ya paja lake. "Salma naye na udi wake," akasema taratibu, kama mtu anayemkumbuka marehemu mke wangu kwa mapenzi. Halafu akainuka. "Haya, Mwalimu. Nitamwambia mama yake azitie na klorini kidogo, kama nepi zake. Zitakate."

"Usitie klorini."

Nilisema kwa nguvu hadi mtoto akashtuka.

"Mbona Zuhura hakuitaja?"

"Naitaja mimi. Klorini inaiua ile fedha. Na inamchoma mtoto."

"Hiyo mpya. Miaka yote hapa tunaambiwa udi, udi." Akamweka Nasra begani. "Wewe umejuaje?"

Nikamwambia nimesoma mahali.

Hata jana, na mtoto wa watu mbele yangu, nikasema nimesoma mahali.

Zuhura hakuitaja klorini kwa sababu hajui kwamba iliwahi kuingia nyumba hii. Anachojua, na anachowafundisha watu, ni kosa la mama yake. Ndivyo uongo wangu unavyotembea sasa. Umetoka hapa, umefika Maskati, umerudi umekaa juu ya ngozi ya mtoto wa jirani. Nikifa nao, hakuna atakayeuzuia.

Basi nieleze tangu mwanzo.

Nina pumu ya ngozi tangu utotoni. Nimeizoea kama mtu alivyozoea mguu mfupi. Lakini baada ya kustaafu ilinizidi. Ngozi ilipasuka, mipasuko ikaingia vijidudu, nikawa mtu wa kumeza dawa za vidonda mara kwa mara. Ndipo Zuhura akaleta zile nguo. Fulana za mikono mirefu na suruali ndefu za ndani, laini, rangi ya kijivu cheupe kama tumbo la dagaa. Nyuzi zake zimepakwa fedha, na fedha huwaua wale vijidudu kabla hawajaingia kwenye mikwaruzo. Haiponyi ugonjwa. Inaipa ngozi nafasi ya kujifunga yenyewe.

Mke wangu Salma alizigeuza geuza.

"Fedha? Mwanamume atavaa fedha?"

"Kilichokatazwa ni dhahabu, mama Zuhura. Fedha ruhusa."

"Pete, Mwalimu. Pete ndiyo ruhusa. Sijasikia chupi."

Alicheka mpaka akaketi chini. Kisha akaniomba nimtafsirie kile kikaratasi kilichokuja nazo, kwa sababu kilikuwa cha Kiingereza. Nikamtafsiria vizuri, neno kwa neno, nikiwa nimesimama kama niko mbele ya darasa. Mafuta ya ngozi yakauke kwanza ndipo nguo ivaliwe. Sabuni laini. Kusiwe na dawa yoyote ya kung'arishia wala ya madoa. Kusiwe na manukato.

Nisimame hapo kidogo. Dawa ya madoa niliitaja kwa mdomo wangu. Yeye alinisikia na hakuitumia hata siku moja.

Salma alisoma mpaka darasa la saba huko kwao Pande, lakini maelekezo yale aliyashika kuliko mwanafunzi yeyote niliyewahi kumfundisha. Maji ya kisima chetu yana chumvi, basi akawa anakinga maji ya mvua na kuyachuja kwa kitambaa. Alitenga beseni la bluu ambalo hakuna aliyeruhusiwa kulitia mkono. Alizikamua kwa kuzikumbatia ndani ya taulo, bila kuzisokota. Akazianika chini ya paa la uani, pasipopiga jua.

Jambo moja tu lilimshinda. Kwa Salma nguo haikuwa imefuliwa mpaka ifukizwe. Hivyo ndivyo alivyolelewa, na mama yake alilelewa hivyo. Nguo ikikauka inatandazwa juu ya kitenga cha fito, chini yake chetezo, na udi unapanda taratibu mpaka kitambaa kinywe. Mwanamke wa kwao anayempa mumewe nguo isiyofukizwa ni kama amempa chakula bila maji ya kunawa.

"Karatasi imesema bila manukato," nilimwambia.

"Udi si manukato. Udi ni usafi."

"Kwenye ngozi yangu ni moshi tu."

"Karatasi hiyo imeandikwa na mtu asiye na mume," akasema, na mjadala ukaisha. Alikuwa anazifukiza kidogo sana, kwa kipande cha udi kisichozidi ukucha, na akidhani sioni. Nilikuwa naona. Nilikuwa naipenda ile harufu, nikavaa.

Na nikapona. Niandike na hilo, maana ni ushahidi. Miezi ile ambayo Salma alikuwa anafukiza ndiyo niliyolala vizuri kuliko yote ya uzeeni mwangu. Nilikuwa naamka na shuka safi. Salma alikuwa akilikagua asubuhi, analiinua kwenye mwanga wa dirisha, halafu ananiambia, "Leo umepata alama zote, Mwalimu."

Kisha nikaenda Pande, kuangalia mikorosho yetu wakati wa kupuliza salfa. Sikuwa na sababu ya kwenda. Nilitaka tu kuonekana kwamba bado ni mtu wa kwenda shambani. Vumbi lile la njano liliingia shingoni, likaingia kwenye viwiko, na jasho likalimalizia. Niliporudi nilikuwa nawaka. Nilijikuna mpaka damu ikatoka, na ile damu ikaingia kwenye fulana.

Madoa madogo. Ndani ya viwiko, kwenye ukosi, nyuma ya magoti.

Damu ya mchubuko wako mwenyewe, ikiwa kidogo, haiharibu swala. Nilimuuliza shehe wetu na aliniambia hivyo, na hata kabla ya kumuuliza nilikuwa najua. Kwa hiyo nisisingizie dini. Ilikuwa aibu. Mimi ndiye niliyekuwa nasimama mstarini kila Jumatatu nikikagua kola za wanafunzi, na mwenye kola chafu namrudisha kwao mbele ya wenzake. Maisha yangu yote nimevaa shati jeupe. Nisingeweza kumwachia Salma fulana yenye damu ailoweke kwenye beseni lake la bluu, baada ya asubuhi zote zile za kunipa alama zote.

Nikanunua klorini. Nikaificha nyuma ya pipa la maji bafuni. Nikawa namwambia Salma kwamba suuzo la kwanza nitafanya mwenyewe, asije akashika majimaji ya vidonda vyangu kwa mikono, na akaona huo ni upole. Nafunga komeo. Nalowesha kipande cha pamba, nagusa doa moja moja. Damu inafifia, inageuka njano, inapotea. Ilikuwa raha kuiona inapotea.

Siku moja Salma akasimama nje ya mlango. "Bafuni kunanuka hospitali."

"Nimesugua sakafu."

"Wewe?" Nikamsikia akicheka. Jioni hiyo alimwambia Bi Mwajuma kwenye baraza kwamba kustaafu kumemfunza Mwalimu kusugua bafu, na akalisema kwa kujivunia, na mimi nikakaa hapohapo nikinywa kahawa.

Haikupita muda, kwenye sehemu zile nilizozigusa kukatokea mabaka ya kahawia. Na chini ya mabaka ngozi ikaanza kuungua. Sikuwa nasuuza vya kutosha. Nilikuwa na haraka ya kufungua mlango. Vidonda vikarudi, vikawa vibaya kuliko vya salfa. Zuhura alipopiga simu ya video akataka kuona fulana. Salma akaishika mbele ya simu kwa mikono miwili, kama mtu anayeonyesha kitambaa dukani.

"Mama, unazifukiza?"

Salma angeweza kukana. Hakujua kukana. "Kidogo. Zikishakauka. Sizichomi."

"Mama. Mimi ni muuguzi. Nimekwambia mara ngapi? Moshi umekula fedha yote. Unamtia baba vidonda kwa mkono wako."

Salma alinigeukia. Kila mara Zuhura alipompandishia mama yake sauti, mimi ndiye niliyekuwa namkatisha. Alisubiri nimkatishe.

"Basi, Zuhura," nikasema. "Mama yako amesikia."

Sentensi hiyo naweza kuirudia hata usingizini. Haina uongo ndani yake. Nimeipima mara nyingi, na kila nikiipima naona nilivyoichagua.

Wakati ule bado ningeweza kusema kwamba sikuwa na hakika. Labda ulikuwa moshi. Labda salfa, nayo huchafua fedha. Nilijipa hizo labda zote.

Zuhura akaleta nguo nyingine. Salma akakifunga chetezo chake kwenye kanga akakipeleka kwa Bi Mwajuma, pamoja na kitenga na kopo la udi. Akawa akitaka kufukiza nguo zake mwenyewe anakwenda kule, na anaziacha kule zipoe harufu ndipo azirudishe. Baadaye akaacha hata hilo. Salma ndiye aliyekuwa anaitwa kufukiza maharusi mtaa huu mzima. Walipomwita akasema mumewe ana ugonjwa wa ngozi, hawezi kurudi nyumbani na moshi mwilini. Wakamwita mara mbili tatu, kisha wakawa wanamwita mwingine. Zikipita shangwe za harusi barabarani alikuwa anatoka mpaka mlangoni, anasimama, anarudi ndani.

Na mimi nikaendelea na pamba yangu bafuni. Maana damu ilikuwa bado inatoka, na sasa kulikuwa na nguo mpya za kulinda.

Siku niliyojua ilikuwa hivi. Salma alikuwa Pande kwa dada yake, na mimi nilikuwa nimeianika fulana mwenyewe, juani, kwa uvivu wa kutembea mpaka kivulini. Nilikaa kwenye kiti nikiitazama. Pale nilipogusa klorini palikuwa peupe kidogo. Nikiwa natazama, pakaanza kubadilika. Pakawa na rangi ya zambarau iliyopauka, kisha kijivu, kisha kahawia.

Nimefundisha jambo hilo maabara, kidato hadi kidato. Unachukua nitrati ya fedha, unatia maji ya chumvi, inapatikana kloridi ya fedha, unga mweupe. Unaupeleka dirishani. Wanafunzi wanasogea. Jua linaugusa, na unga unageuka rangi mbele ya macho yao. Darasa zima hushusha pumzi. Fedha na klorini na jua. Nilikuwa nawaambia hii haisahauliki, na wengi wao wakikutana nami leo stendi wananikumbusha.

Moshi ungelipaka vazi zima. Yale yalikuwa mabaka, yenye ukubwa wa pamba yangu.

Niliikunja ile fulana nikaisukuma chini ya godoro.

Salma aliporudi na kuyaona mabaka kwenye suruali, nilimwona akitafuta. Alinusa pazia. Alinusa ukuta. "Labda moshi umebaki humu ndani," akasema. "Miaka yote hii nimefukiza chumba hiki. Labda umeingia ukutani." Akatafuta chokaa. Akakiosha chumba chetu kwa brashi kuanzia juu hadi chini, kisha akakipaka chokaa, mwanamke wa umri ule, juu ya stuli. Mimi nilimshikia stuli. Alifungua sanduku lake la kanga za tangu harusi yetu, kanga zilizokuwa zimelala na vipande vya udi katikati, akaziosha zote, akazianika, akazinusa, akaziosha tena. Zilizokataa kuacha harufu akazigawa.

Sikuzuia. Nilimshikia stuli.

Zikaja nguo za tatu. Nikaimwaga klorini chooni, nikalitupa kopo lake mbali na nyumbani. Nilidhani kwamba hapo nimetubu. Nikamwambia Salma kwamba damu ikitoka aione tu, ailoweke kwa maji baridi. Akailoweka, ikatoka karibu yote, kwa sabuni yake laini na uvumilivu wake. Mabaka hayakurudi. Ngozi ikatulia.

Na hilo ndilo lililomaliza kabisa. Kwa kuwa nilipoacha klorini nikapona, na kwa kuwa nilipona baada ya yeye kuacha udi na kupaka chokaa, kila mtu alipata jibu. Zuhura akasema, "Mmeona sasa?" Salma akaishika fulana safi mbele ya dirisha, akaitazama kwa muda mrefu. Nilitegemea ataniambia habari ya alama. Akasema, "Kumbe kweli nilikuwa mimi."

Alisema polepole tu, kama anasoma.

Ningeweza kusema palepale. Nimejiuliza kwa nini sikusema, na sababu niliyonayo ni ndogo mno. Katika nyumba ile mimi ndiye niliyekuwa najua. Salma alikuwa akiulizwa jambo anasema, "Subirini Mwalimu." Watoto wa mtaa waliletwa kwangu na madaftari yao. Nilishindwa kuwa mzee aliyechoma ngozi yake mwenyewe kwa pamba bafuni, kwa kitu alichokifundisha. Nikaona afadhali Salma awe mwanamke wa kizamani aliyependa udi. Hilo watu wangelisamehe. Wangecheka, wangesahau.

Yeye hakusahau. Alianza kuniuliza ruhusa ya kila kitu. Mwalimu, sabuni hii naweza? Mwalimu, nikae upande huu, nimetoka jikoni? Mwalimu, hii kanga haina kitu, inuse. Ananisogezea pindo la kanga yake ninuse, kabla hajakaa karibu nami. Mke wangu, kwenye kitanda chetu.

Mimi nilikuwa nanusa, nasema haina kitu.

Kisha figo zake zikaanza kushindwa. Walijaribu Lindi, wakajaribu kumpeleka mbele zaidi, na mwishowe akaomba arudi nyumbani. Zuhura akaja kutoka Maskati. Alimhudumia mama yake vizuri sana na nataka hilo lisomeke hapa: hakuwa mtoto mkali. Alikuwa mtoto aliyeambiwa kitu kisicho kweli, na aliyempenda baba yake.

Siku ile ilikuwa asubuhi kama hii, yenye mwanga. Chumba kilikuwa cheupe kwa chokaa yake. Bi Mwajuma alikuwepo, na dada yake Salma wa Pande, na Zuhura amekaa kitandani ameshika mguu wa mama yake. Bi Mwajuma akauliza kama alete udi kidogo tu, mgonjwa apate harufu aliyoizoea. Zuhura akasita, akanitazama mimi. Kabla sijafungua mdomo Salma akasema, "Hapana. Mwacheni Mwalimu. Ngozi yake."

Basi haukuletwa.

Kwetu mwanamke akiona safari imekaribia humwomba mumewe radhi. Si lazima awe na kosa. Anaomba ili aondoke mwepesi, na mume anasema nimekuwia radhi, na yeye naye anaomba yake. Nimeyasikia maneno hayo kwenye nyumba nyingi. Huwa ni ya jumla: kama nilikukosea, kwa kujua au kutojua.

Salma hakusema kwa jumla. Aliniita nikainama. Mkono wake ukaushika mkono wangu hapa, ndani ya kiwiko, juu ya nguo.

"Mwalimu, niwie radhi kwa nguo zako. Na kwa vidonda. Nilikutia maumivu, ulinikataza na sikusikia."

Niliutazama ule mkono.

Dada yake alidhani nimezidiwa na kilio. "Shemeji, mwambie," akaninong'oneza. "Mwambie umemsamehe, apumzike." Bi Mwajuma akasema, "Mwalimu, mtoe mwenzio mzigo." Zuhura alikuwa akinitazama, na machoni mwake nilikuwa bado yule baba yake wa siku zote.

Ukweli wote ulikuwa pale mdomoni, maneno machache tu, na yeye alikuwa bado anasikia.

Nikasema, "Nimekusamehe, mama Zuhura. Duniani na akhera."

Akaubana mkono wangu kidogo, kadiri alivyokuwa na nguvu, akaniambia ahsante.